Makabidhiano ya vivuli vya majengo: faili la mteja liandikweje ili limsaidie atakayebaki na kivuli?

Mtanda Turubai (mwanzisha uzi)

Habari za majukumu, wakuu.

Nafanya kazi ya vivuli ukanda wa Pwani: maturubai ya kukunjua kwenye migahawa, neti za kuegeshea magari, luva za alumini (mabapa ya kukinga jua nje ya madirisha) na blaindi za mota maofisini. Naleta mada ambayo sijaiona ikijadiliwa kwa kina hapa jamvini, nayo ni makaratasi tunayomkabidhi mteja kazi ikiisha.

Kazi nyingi ninazoitwa kurekebisha zilifungwa na watu wengine, na mara nyingi faili lipo. Tena ni nene. Ukilifungua unakuta katalogi ya kiwandani kwa Kijerumani au Kichina, ankara, na barua ya dhamana yenye mhuri. Hakuna panapoonyesha waya wa mota ya nne unatoka breka ipi (swichi ya usalama ya umeme), bolti zimeingia ukutani kina gani, wala upepo ukifikia hali gani turubai likunjwe. Na anayetakiwa kulikunja ni mlinzi wa usiku au mhudumu wa zamu, ambaye faili hilo hajawahi kulitia machoni kwa sababu limefungiwa kabatini kwa mhasibu.

Msimamo wangu ni huu. Faili la makabidhiano tunawaandikia watu wawili: yule atakayekuwa chini ya kivuli siku upepo umechafuka, na yule fundi atakayekuja miaka mitano baadaye, namba zetu za simu zikiwa hazipatikani. Msanifu, mkadiriaji majenzi na mteja mwenyewe watapata wanachokihitaji humo humo, lakini tukiandika kwa kuwafikiria wao tu, faili linageuka la kusainiwa na kuhifadhiwa.

Nianze na upepo, maana ndio unaotuharibia kazi kuliko kitu kingine. Maturubai ya kukunjua yanayobebwa na mikono ya chuma, yanayotoka Ulaya, hupimwa kwa kiwango cha EN 13561, na kwenye lebo kuna daraja la upepo. Daraja la 1 ni nguvu ya 4 kwenye kipimo cha Beaufort, la 2 ni nguvu ya 5, la 3 ni nguvu ya 6. Daraja la 2, ambalo nakutana nalo sana, maana yake ni upepo usiozidi takriban kilomita 38 kwa saa. Sasa mwambie mlinzi "kunja ukifika kilomita 38 kwa saa", atajuaje? Kipimo chenyewe cha Beaufort kina alama za macho: nguvu ya 5 ni pale miti midogo yenye majani inapoanza kuyumba. Hiyo mlinzi anaiona. Kwa hiyo kwenye karatasi yake naandika miti, naandika vitambaa vya meza, na kilomita nazibakiza kwenye ukurasa wa fundi.

Huu hapa ukurasa mmoja kama ninavyoubandika, umefunikwa plastiki, karibu na swichi:

"TURUBAI LA MGAHAWA, UPANDE WA BAHARI

Kabla ya kufungua: angalia pasiwe na ngazi wala mtu karibu na mikono ya turubai.

Kunja mara moja ukiona miti midogo inayumba, vitambaa vya meza vinapeperuka, au wingu zito linakuja kutoka baharini. Mvua ikianza, kunja.

Usiku likae limekunjwa, hata hali ikiwa shwari.

Umeme ukikatika likiwa wazi: mpini upo ndani ya kabati la breka, umetundikwa kwenye ndoano nyekundu. Ingiza kwenye pete iliyo upande wa kushoto, zungusha kufuata mshale mpaka lijifunge. Likigoma, usilazimishe.

Likikwama: zima breka namba 7, ondoa watu na meza chini yake, piga simu.

Usiwashe jiko la mkaa chini ya turubai.

Usifungue skrubu yoyote ya mkono wa turubai. Ndani kuna springi iliyokazwa, ikiachia inaweza kuua."

Huo mstari wa mwisho naomba kila fundi auandike. Mkono wa turubai la kukunjua unabeba springi au mnyororo uliokazwa muda wote. Mtu akikata kitambaa, au akilegeza mkono bila kuufunga kwa mkanda, unafunguka kwa nguvu za kuvunja taya. Fundi wa rangi anayepanda ngazi kupaka ukuta hajui hilo. Mlinzi aliyesoma karatasi anaweza kumzuia.

Nitaendelea na sehemu ya fundi wa baadaye. Kwanza nawasikiliza: ninyi mnakabidhi nini? Na wenye majengo, mlikabidhiwa nini?

---

Binti wa Nungwi

Asalaam aleikum. Mimi nipo upande wa pili, nasimamia usafi na matengenezo kwenye hoteli huku Unguja.

Ndugu yangu, umeligusa penyewe. Sisi tulikabidhiwa vizuri tu, fundi alikaa nasi asubuhi nzima akaonyesha kila kitu. Lakini hoteli zetu zinakwenda kwa msimu. Masika wafanyakazi wengi wanapumzishwa, Juni wanaingia wapya. Waliofundishwa hawapo tena. Rimoti tulipewa sita. Sasa hivi mbili zina alama na nyengine hatujui ya wapi. Unabonyeza ya baraza la juu, linafunguka la bwawani wakati watu wamekaa chini yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa mafundi ni mafunzo ambayo naweza kuyarejea mwenyewe bila kukuita. Hata video fupi ya simu, mtu anaonyeshwa anavyokunja kwa mpini, inatutosha. Maandishi marefu hayasomwi na mtu aliyeingia kazini jana.

Jengine ni chumvi. Andikeni usafi kwa namna ya huku, isiwe ya kwenye katalogi. Katalogi imesema "safisha mara moja kwa mwaka". Kwa jengo lililo hatua chache kutoka baharini, mwaka mmoja ukipita bila kumwagiwa maji baridi (yasiyo na chumvi), zile fremu zinafanya vidoa vyeupe na skrubu zinaganda.

Na wenye kazi Mji Mkongwe wasisahau kuweka kibali humo ndani. Ule mji upo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na kubandika kitu kwenye uso wa jumba kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mkaguzi akija anamuuliza aliyepo, na aliyepo hana karatasi.

---

Mtanda Turubai

Wa aleikum salaam, dada. Ahsante sana, hasa hilo la wafanyakazi wa msimu.

Rimoti: nawashauri wote kuandika jina la kivuli nyuma ya rimoti kwa kalamu isiyofutika au kibandiko, na kwenye faili kuwe na jedwali: rimoti ipi, chaneli ipi, kivuli kipi, nani anaishika. Majina yawe ya mahali wanayotumia wenyewe, kama "baraza la juu" na "bwawani", wala si A1 na A2 za kwenye mchoro wetu. Ongeza maelezo ya kusajili rimoti mpya. Mota nyingi za redio zinahitaji rimoti iliyokwisha kusajiliwa ili kuikubali mpya, kwa hiyo hoteli ikipoteza zote inaingia gharama ya fundi kufungua boksi na kuanza upya. Rimoti moja ya akiba ifungiwe ofisini na iandikwe kuwa ipo.

Usafi wa pwani umesema kweli. Mimi naandika kumwagia maji baridi kwa mpira wa bustani kila mwezi wakati wa kusi, brashi laini na sabuni ya kawaida kwenye madoa, kamwe wasitumie mashine ya presha, kwani inang'oa kinga ya kitambaa na kufungua mishono. Na turubai lililolowa lisilale limekunjwa. Kama limekunjwa kwa dharura ya mvua, lifunguliwe jua likitoka likauke, la sivyo ukungu unaingia na hautoki.

---

Waya Tatu

Mkuu, niongeze upande wa umeme kwa sababu ndiko ninakokula mkate wangu.

Fundi anayekuja baadaye anakuta kwenye boksi waya wa nyuzi 4: bluu, kijani na njano, kahawia, nyeusi. Bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi, kahawia na nyeusi ni za mielekeo, moja ya kufungua na moja ya kukunja. Ipi ni ipi inategemea mota imekaa kulia au kushoto ya bomba linalozungushia kitambaa. Ukiandika kwenye faili "kahawia = kukunja, mota ipo kulia ukiwa umeangalia ukuta", umemwokoa mtu.

La pili, mota mbili zisiunganishwe sambamba kwenye swichi moja bila rilei, kile kifaa kinachotenganisha umeme wa kila mota. Umeme unarudi kupitia kapasita ya mota moja kwenda nyingine, limiti (pale mota inapotakiwa kusimama) zinavurugika na mota zinaungua. Mafundi wanaojua wanafunga rilei, lakini hawaiandiki. Anayefuata anaiona rilei, anadhani ni takataka, anaiondoa "kurahisisha". Andikeni rilei ipo wapi na kwa nini.

La tatu ndilo linaloleta simu nyingi. Mota hizi za ndani ya bomba hufanya kazi takriban dakika 4 mfululizo, kisha kinga ya joto inaizima mpaka ipoe. Siku ya makabidhiano kila bosi anataka kubonyeza. Wanafungua, wanakunja, wanafungua, mara mota kimya. Kila mtu anamtazama fundi. Iwepo sentensi moja kwenye ukurasa wa ukutani: "Mota ikisimama baada ya kutumika mfululizo, isubiri ipoe, dakika 20 hivi, kisha jaribu tena."

Na tukiwa Bara, kazi ya umeme iwe na jina na daraja la leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ya aliyeifunga, pamoja na vipimo vya ethi na insulesheni vilivyopimwa siku hiyo. Namba halisi, siyo "OK".

---

Mtanda Turubai

Waya Tatu, umenigusia kitu ambacho ndicho hofu yangu kubwa kwenye maturubai ya mota: sensa ya upepo. Mteja akishafungiwa sensa anaamini turubai linajilinda. Sensa inatoa amri tu. Umeme usipokuwepo, mota haina cha kufanya nayo, na upepo mkali na kukatika kwa umeme huja pamoja. Kwa hiyo faili liseme wazi kama saketi ya vivuli iko kwenye jenereta au haiko, na kama haiko, nani anakwenda na mpini. Kuna mota zisizokuwa na sehemu ya mpini kabisa. Hizo mteja aambiwe kabla hajasaini, na siku za tahadhari ya hali ya hewa ziandikwe kuwa ni siku za kukaa limekunjwa tangu asubuhi.

Sensa zile zinazobandikwa kwenye ncha ya turubai na kuhisi mtikisiko zinatumia betri. Tarehe ya betri iandikwe. Na kiwango ilichowekewa kiandikwe, maana mhudumu akichoka turubai kujikunja kila mara anamwita kijana wa umeme "aipunguze makali", na baada ya hapo hakuna anayejua ipo wapi.

---

Mkadiriaji wa Tegeta

Nawasalimu. Kwa upande wa fedha na mkataba, naona mafundi wengi wanapoteza pesa zao wenyewe kwa kukosa makaratasi.

Kwenye mikataba mingi ya ujenzi kuna asilimia inayozuiwa kwenye kila malipo, mara nyingi 5. Nusu inaachiwa kazi ikikamilika, nusu nyingine kipindi cha uangalizi kikiisha. Mkandarasi mdogo wa vivuli anadai nusu yake, anaambiwa "hujakabidhi michoro ya kazi ilivyojengwa". Anaanza kuitafuta mwaka umepita, kijana aliyepima keshahama. Mimi siwezi kumpitishia.

Kitu cha pili ni tarehe. Kwenye faili moja huwa kuna tarehe tatu tofauti na mteja anadhani ni moja: siku kivuli kilipofungwa, siku jengo lilipokabidhiwa, na siku dhamana ya muuza kitambaa inapoanza. Muuzaji anaweza kuhesabu dhamana kuanzia tarehe ya ankara yake. Kama kitambaa kimekaa stoo miezi kadhaa na jengo likachelewa, mteja ameshapoteza sehemu ya dhamana kabla hajakaa kivulini. Ziandikwe zote, na aandikwe nani anabeba pengo hilo.

Na tafadhali tenganisheni saini. Mtu wa mapokezi akisaini kupokea rimoti na funguo, hiyo siyo kukubali kazi. Hati ya makabidhiano iwe na orodha ya marekebisho yaliyobaki, kila moja na tarehe ya kumaliza, na isainiwe na mwenye mamlaka ya kusaini.

---

Kazi Safi 77

Wakuu, mimi nitapingana kidogo. Ukimpa mteja michoro ya waya, viwango vya sensa, namba za vitambaa na namna ya kusajili rimoti, umemkabidhi fundi wa bei chee kazi yako ya matengenezo. Sisi tunaishi kwa kurudi. Mimi natoa karatasi ya matumizi na dhamana, hayo mengine nabaki nayo ofisini. Akitaka, anipigie.

---

Mtanda Turubai

Kazi Safi, nakuelewa, na hoja yako wengi wanayo ila hawaisemi. Lakini naomba uitazame na hili: mteja akikupigia ukiwa Mtwara kwenye kazi nyingine na turubai limekwama wazi, atamwita mtu yeyote aliye karibu. Huyo mtu atapanda bila kujua springi ipo wapi. Akiumia, karatasi ya kwanza itakayotafutwa ni ya kwako.

Na kwa uzoefu wangu biashara ya kurudi hailetwi na kuficha. Nikimpa mteja ratiba ya matengenezo iliyoandikwa, yenye miezi, na ukurasa wa mwisho wenye bei ya ziara ya ukaguzi, anajua lini aniite. Yule asiye na ratiba haniiti kabisa mpaka kitambaa kimechanika, na hapo anakuwa na hasira na kivuli chenyewe. Wengine hawafungi tena, wanaezeka bati.

Tena namba ya kitambaa ni haki yake. Rangi moja ya kiwandani hutofautiana kidogo kutoka toleo hadi toleo. Kipande kimoja kikichanika kwenye safu ya vipande vinane, ukileta "kijivu" bila namba ya rangi na ya toleo, kitaonekana kama kiraka mpaka siku jengo litakapovunjwa. Mimi naandika namba hizo na nabandika na kipande cha kitambaa chenyewe, ukubwa wa kiganja, kwenye faili. Kikikaa gizani kinasaidia pia kuona kile cha nje kimepauka kiasi gani, mabishano ya dhamana yakitokea.

---

Nguzo na Msingi

Mhandisi hapa. Mmezungumza sana maturubai, na mimi nataka neti na vitambaa vya kuegeshea magari, kwa sababu vinachukuliwa kama kitu chepesi.

Kitambaa kilichotandazwa kwenye nguzo nne kinavuta nguzo kwa pembeni muda wote, na upepo ukiingia chini kinazivuta juu. Msingi wake ni mzito kuliko watu wanavyodhani, na haukai chini ya nguzo tu, umetanuka. Sasa miaka miwili baadaye fundi bomba anapita na mtaro kando ya maegesho, anakata udongo unaoshika msingi. Nguzo inaanza kulala taratibu, kitambaa kinalegea, maji yanatuama katikati. Dimbwi moja la maji ya mvua lina uzito wa kutisha: dimbwi la mita 2 kwa mita 2 lenye kina cha sentimita 10 ni kilo 400.

Mchoro wa misingi uwe na vipimo kutoka kona ya jengo inayoonekana, siyo kutoka kwenye kigingi cha upimaji kilichokwisha kung'olewa. Kina, upana, aina ya zege, nondo. Na picha. Piga picha shimo likiwa wazi na futi ya chuma imesimamishwa ndani, kabla ya zege. Vivyo hivyo kwa bolti za gundi ukutani: picha ya tundu na kina chake kabla ya kufunika kwa plasta. Baada ya hapo hakuna awezaye kuthibitisha, hata wewe mwenyewe.

Suala la vimbunga pia liandikwe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kabla kimbunga Hidaya hakijafika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Muda wa kushusha neti ulikuwepo. Ila neti inashushwa na mtu anayejua kona ipi inalegezwa kwanza. Faili liseme: vikazio vya waya vipo kona zipi, vinalegezwa kwa mpangilio gani, kwa spana namba ngapi, na watu wangapi wanahitajika kuishika.

---

Mtanda Turubai

Mhandisi, hapo kwenye picha ndipo nilikuwa naelekea. Faili haliandikwi wiki ya mwisho. Wiki ya mwisho kila kitu cha maana kimeshafunikwa na unabaki kuandika kwa kukumbuka. Foremani wangu ana folda moja kwenye simu kwa kila kivuli, jina la mahali, na kila jioni picha za siku zinaingia humo. Kukabidhi kukifika, kazi inayobaki ni kupanga.

Nitaje na madini ya skrubu, wengi hawaandiki. Pwani tunatakiwa kutumia stenlesi (chuma kisichoshika kutu) ya daraja la 316. Ile 304 inaanza kutoa madoa ya kahawia mapema kwa hewa ya chumvi. Na stenlesi ikigusana na alumini bila washa ya nailoni katikati, kwa unyevu wa chumvi alumini ndiyo inayoliwa. Fundi wa baadaye akibadilisha skrubu moja kwa ile aliyoikuta dukani, ameanzisha kidonda. Andika: "skrubu zote 316, washa za nailoni zirudishwe."

---

Fundi wa Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Uzi mzuri huu. Hata huku kwetu shida ni hizo hizo, kaskazi na kusi hazina mpaka.

Mimi hufunga sana blaindi za ndani, nyumba za kupangisha. Kitu ambacho lazima kiwe kwenye karatasi ya mwenye nyumba na kisomwe kwa sauti ni kamba. Ile kamba ya mzunguko au mnyororo wa shanga unaoning'inia umenyonga watoto wadogo sehemu nyingi duniani, ndio sababu kiwango cha EN 13120 kikaweka masharti. Mnyororo ushikizwe ukutani kwa kibano chake, ukazwe, na kamba zisifikiwe na mtoto. Mwisho wa chini wa kamba nasi huweka mita 1.5 kutoka sakafuni. Kitanda cha mtoto wala kochi lisiwekwe chini ya dirisha hilo. Mpangaji mpya akiingia hupanga fanicha upya, na yule fundi hayupo. Kwa hiyo mimi huacha kibandiko kwenye blaindi yenyewe, nikapiga picha kibandiko kikiwa mahali pake, picha ikaingia kwenye faili.

Swali langu kwako Mtanda: luva zisizosogea, zile za alumini za nje, huwa unakabidhi nini? Hazina mota, hazina kamba.

---

Mtanda Turubai

Swali zuri, mkuu. Luva zisizosogea nakabidhi sababu zake.

Nakutana na majengo ambayo luva za upande mmoja zimeng'olewa na meneja mpya kwa kuwa "hazina kazi, zinaziba mandhari". Alizitazama Desemba. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kama tarehe 10 Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi linapita upande wa kusini, miezi mingine yote lipo kaskazini. Juni, mchana, linasimama kama nyuzi 60 juu ya upeo upande wa kaskazini, na linaingia vyema tu dirishani kama hakuna kitu. Meneja wa Desemba hawezi kulijua hilo kwa kutazama.

Kwa hiyo naweka ukurasa mmoja kwa kila uso wa jengo: uso unaangalia wapi, luva zina pembe gani, zinazuia jua la miezi ipi na saa zipi. Uso wa magharibi naandika wazi kuwa jua la saa kumi na kuendelea liko chini sana, luva za kulala haziliwezi, na ndiyo sababu pale kuna za kusimama au blaindi. Hiyo inamzuia mtu kulalamika kuwa za magharibi "zilikosewa".

Mengine ni mafupi: namna ya kuziosha, mahali pa kuegemeza ngazi na mahali pasipoegemezwa, na uzito zinazoweza kubeba, ambao ni sifuri. Hakuna kutundika bango, hakuna kufunga kiyoyozi juu yake.

---

Kijana wa Mbezi

Wakuu shikamooni. Mimi ndio naanza, nafunga blaindi na maturubai madogo majumbani. Kazi ya laki nne nayo iandikiwe faili lote hili? Mteja ataniona namletea ukiritimba.

---

Mtanda Turubai

Marahaba mdogo wangu. Hapana, kazi ndogo karatasi mbili zinatosha. Ya kwanza ni ya ukutani, mistari sita au saba, ya mtumiaji. Ya pili ni ya fundi: ulichofunga, vipimo vyake, namba ya kitambaa na mota, waya umetoka wapi, bolti za aina gani zimeingia kwenye nini, kama ni tofali, zege au mbao, mteremko ulioweka, tarehe, jina lako na namba yako. Kwenye turubai mteremko usiupuuze. Maelekezo mengi ya watengenezaji yanataka angalau nyuzi 14 ili maji yateremke. Chini ya hapo yanatuama na mkono unapinda. Ukiandika "nyuzi 15, imepimwa" na mteja akaja kuliinua ili gari refu lipite, inajulikana nani alilibadilisha.

Mpigie picha karatasi zote mbili umtumie kwa WhatsApp siku hiyo hiyo, kwa sababu ya karatasi itapotea.

---

Mkadiriaji wa Tegeta

Naongezea kwa kijana: weka na mstari wa "yaliyoonyeshwa na kufanywa na mteja mwenyewe". Mwache yeye ashike mpini akunje mpaka mwisho, ndipo asaini. Ukionyesha wewe, anatikisa kichwa tu.

---

Binti wa Nungwi

Hilo la kushika mwenyewe nimelipenda. Sasa faili lenyewe likae wapi? Nakala ngapi? Maana la kwetu nililikuta nyumbani kwa meneja wa zamani.

---

Mtanda Turubai

Dada, mimi natoa tatu za karatasi: moja ofisi ya mwenye jengo, moja kwa mtu wa matengenezo, moja ndani ya kabati la breka la vivuli, kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu. Hiyo ya tatu ina kurasa za fundi tu, michoro ya waya na jedwali la rimoti. Juu ya mlango wa kabati nabandika msimbo wa QR unaofungua faili zima na zile video fupi ulizotaja, video moja kwa kila kitendo, kwa Kiswahili. Akaunti inayohifadhi hizo video iwe ya hoteli, siyo ya meneja wala yangu, na nywila ikae kwa mhasibu.

Kwa mafunzo ya kurejea, weka ukurasa wenye safu nne: tarehe, jina, kivuli alichokikunja mwenyewe kwa mpini, saini. Kila anayeingia Juni anapitia hapo kabla ya zamu yake ya kwanza. Nikija kwenye ukaguzi huo ndio ukurasa ninaoanza kuufungua.

Nitumie idadi ya vivuli vyenu na majina mnayoviita, nitakuandalia jedwali la rimoti ulijaze.